Kanga Aliyepima Mji kwa Kokoto

Paukwa!

Pakawa!

Naomba tena, maana hao wa nyuma wamejibu kwa midomo mitupu, mioyo yao iko kwenye sufuria. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wakati wanyama wanajenga miji na watu bado wanabishana nani akate mti wa kwanza, palikuwa na mji ukiitwa Kiasini. Kiasini hakikuwa kijiji. Thubutu umwambie mwenyeji kwamba kwao ni kijiji. Atakuonyesha soko, atakuonyesha kisima chenye ukuta, atakuonyesha njia panda mbili. Wala halikuwa jiji. Ulikuwa mji wa katikati. Ukiinjika uji upande wa mashariki, ukaenda upande wa magharibi kumwamkia shangazi yako, ukirudi uji ndiyo kwanza unaanza kutokota. Lakini shangazi huyo atakuwa ameshakuuliza kwa nini uji wa leo hukuutia ndimu. Amejuaje? Hata mimi sijui. Ndivyo walivyokuwa.

Na katika mji ule kila kitu kilikwenda kwa zamu. Zamu ya kufagia kisimani. Zamu ya kupika msibani. Zamu ya kukaa na mgonjwa. Hakurukwa mtu. Mwema alikuwa na zamu, mbaya alikuwa na zamu, hata Fisi alikuwa na zamu, ingawa zamu yake ya kupika msibani waliipanga siku ambayo nyama imekwisha.

Siku moja akaingia Bi Kanga. Kikapu kichwani, madoadoa yake safi, shingo juu. Anatazama kulia, anatazama kushoto. Kache, kache, kache.

Bi Kanga hakuja matembezi. Alikuwa anatafuta mahali pa kulelea watoto. Kwanza alikuwa akiishi porini. Porini kuna nafasi, kuna hewa, kuna mbegu za bure. Akataga, akaatamia, Kicheche akaja akala mayai yote. Bi Kanga akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikie? Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mlima. Basi akahamia Jiji Kuu. Jiji Kuu kuna taa, kuna vinono, kuna kila kitu. Akataga pembeni ya ngazi, akaatamia, akaenda mara moja tu kunywa maji. Kurudi, wafagiaji wameshayazoa na takataka. Akagonga mlango wa kwanza, akagonga wa pili, akagonga wa tatu. Hakufungua mtu. Alikuwa amekaa pale mwaka mzima na hakujua jina la hata mmoja wao.

Mara mbili alichagua kwa moyo, na mara mbili moyo ulimdanganya. Safari hii alisema atachagua kwa kipimo. Mimi simcheki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi akapanga kibanda, akanunua vyungu viwili vinavyolingana kama mapacha. Kimoja akakiita Kukaa. Cha pili akakiita Kuhama. Jema la mji akiliona, anatia kokoto katika Kukaa. Baya akiliona, anatia kokoto katika Kuhama. Na kila Ijumaa anavifunga vyungu kwenye ncha mbili za mti, anauning'iniza mti kwa kamba, anatazama upande upi unashuka. Upande utakaoshinda, huo ndio atakaoufuata.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu wa Kiasini hawakuusema tu msemo huo, walikuleteeni jembe lenyewe hadi mlangoni. Siku ya tatu wakamletea Bi Kanga jembe na kumwambia zamu yake ya kulimia njia ya kisimani ni Jumatano. Bi Kanga akawashukuru sana. Akawaambia bado anapima, akimaliza kupima ndiyo atajua kama yeye ni mtu wa zamu. Wakatazamana. Wakachukua jembe lao, wakaondoka.

Huyo akaendelea kupima.

Jirani yake alikuwa Bi Bata. Bi Bata alikuwa na miguu mipana na moyo mpana na mdomo mpana kuliko vyote viwili. Siku ya nne alikuja kuazima ungo. Ko! Kokoto katika Kuhama, mji wa watu ombaomba. Siku ya tano ungo ukarudi, na ndani yake karanga za kukaanga, maana Bi Bata hakulelewa kurudisha chombo kitupu. Ko! Kokoto katika Kukaa.

Siku ya saba Bi Kanga aliamka tumbo linamsokota. Kabla ya adhuhuri alikwisha kuletewa uji na majirani watatu, na wa nne alileta majani ya kuchemsha. Ko! Kukaa. Kufika jioni, sokoni wote walijua ametapika mara ngapi, na walikuwa wanabishana kama ni tano au sita. Ko! Kuhama.

Akaenda kwa Fundi Nungunungu, fundi mshoni pekee wa mji, ambaye sindano zake zilikuwa mgongoni mwake mwenyewe. Akamwagiza mto laini wa kiota. Fundi akampima, akamsifu, akamwambia aje kesho. Kesho akamwambia kesho. Kesho yake akamwambia kesho. Ko, ko, ko! Kuhama, Kuhama, Kuhama. Lakini Fundi alikuwa kila akimwona anamketisha kivulini, anampa maji ya kunywa, anamuuliza habari za tumbo. Ko, ko, ko! Kukaa, Kukaa, Kukaa.

Ijumaa ikafika. Akafunga vyungu, akauning'iniza mti. Mti ukayumba, ukayumba, ukatulia. Sawasawa.

Ijumaa ya pili ikafika. Sawasawa.

Ijumaa ya tatu. Sawasawa kama macho ya uso mmoja.

Sasa nyinyi mnajua, Kiasini hakuna siri yenye umri wa zaidi ya siku moja. Kunguru alikuwa ameona kila kitu kutoka juu ya paa, na Kunguru akiona ni kama tangazo limebandikwa. Mji mzima ukajua kwamba unapimwa. Mji ukapata adabu za ajabu. Watu wakamsalimu Bi Kanga mara mbili mbili. Fisi akamwachia njia. Halafu wakaanza na vitimbi. Bi Kanga alikwenda sokoni, aliporudi akakuta Bi Bata ameinama juu ya chungu cha Kukaa, kiganja kimejaa kokoto. Kesho yake akamkuta Fundi Nungunungu, huyo naye mkono uko ndani ya Kuhama.

"Fundi, unatafuta nini humo?" akamuuliza.

"Natoa zangu tatu," akasema Fundi bila haya. "Zile za kesho. Mto umebakia upande mmoja tu, sasa kwa nini ziendelee kunihukumu?"

Bi Kanga alikasirika mpaka madoadoa yakamsimama. Akasema hawezi kupima mji ambao unaingiza mkono katika mizani. Akachimba shimo la duara sakafuni mwa kibanda chake, akamwaga kokoto zote humo. Za Kukaa upande wa kulia, za Kuhama upande wa kushoto, na kijiti katikati. Juu yake akakaa yeye. Anayetaka kuzigusa, kwanza amwondoe yeye.

Hapo sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi mliofuga kuku.

Siku zile zile mayai yake yalikuwa yametimia. Alikuwa akitaga moja kila asubuhi, kwa siri, kwenye nyasi nyuma ya kibanda. Yalifika kumi na mawili. Bi Kanga hakuyaatamia. Alijua kwamba ndege akishakalia mayai hawezi tena kuhama, atakaa mwezi mzima hapo hapo, na kukaa mwezi mzima ni kuchagua. Na yeye hajachagua. Kwa hiyo mayai yakae kwanza kwenye nyasi, siku mbili, siku tatu, mpaka kokoto zitoe jibu.

Bi Bata akaja. Alisimama mlangoni, akakohoa.

"Mwenzangu," akasema, "mayai yako yamepoa. Yai halingoji kama jiwe."

Bi Kanga akamwambia amejua hila yake, ametumwa na mji kuja kumkalisha kwa nguvu. Akamwambia mengine pia, kuhusu midomo mipana, ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Bi Bata akainamisha kichwa, akaenda zake. Alikokwenda tutakuja kupajua.

Bi Kanga akabaki juu ya kokoto zake. Alisema atakaa mpaka kesho tu. Lakini mwili wa ndege una mambo yake. Joto la kuatamia likampanda, kutoka miguuni hadi shingoni, tumbo likawa zito, macho yakawa mazito. Na kanga akishikwa na joto lile, haulizi kilicho chini yake ni nini. Hata umwekee viazi, ataviatamia. Bi Kanga akaziatamia kokoto. Akazigeuza kwa mdomo, asubuhi na jioni, za Kukaa na za Kuhama, kwa upendo, moja moja. Mtu alimwekea mtama mlangoni, akala. Mtu alimwekea maji, akanywa. Hakuuliza ni nani. Leo ikawa kesho, kesho ikawa juzi.

Mnacheka. Chekeni. Lakini hapa ndani kuna mtu amekaa miaka minane akipima kama anaupenda mji huu, na hajapanda hata mchicha. Mimi simtaji jina, anajijua mwenyewe.

Siku moja asubuhi joto likamtoka Bi Kanga, ghafla, kama lilivyoingia. Akafumbua macho. Akasimama, miguu imekufa ganzi. Akasema sasa kokoto zimetulia, nizipime mara ya mwisho. Akazirudisha vyunguni, akafunga, akauning'iniza mti. Mti ukayumba, ukayumba, ukatulia.

Sawasawa.

Ndipo alipotazama nje akaona nyasi za mlangoni zimempita kimo. Alipokaa zilikuwa hazijafika gotini. Akahesabu siku kwa vidole, vidole vikaisha. Siku ishirini na nane. Moyo ukamruka, paa! Akatoka mbio, akazunguka nyuma ya kibanda, akafunua nyasi.

Maganda. Maganda matupu, yamepasuka, hakuna hata yai moja zima.

Bi Kanga akakaa chini katikati ya maganda. Hakupiga kelele. Porini alipiga kelele, jijini aligonga milango, hapa hakuwa na wa kumlaumu. Safari hii hakuwa Kicheche wala mfagiaji. Ni yeye mwenyewe aliyewaacha watoto wake akaenda kulea mawe. Akalia kimya kimya, na hakuna kilio kinachouma kama hicho.

Alipokuwa analia akasikia sauti. Pii.

Akanyamaza. Pii, pii, pii.

Sauti ilitoka kwa Bi Bata. Bi Kanga aliruka ua bila kubisha hodi. Na akaona nini? Vifaranga sita, wenye mistari ya kanga, wamesimama kwenye beseni la maji, wanajaribu kuogelea. Mmoja ameshapinduka. Bi Bata anawasukuma kwa mdomo na kuwaambia wapige miguu.

"Hawa hawaogelei," akasema Bi Kanga.

"Nimeona," akasema Bi Bata. "Tangu jana nawafundisha. Watoto wako ni wagumu kuelewa."

Halafu akamweleza, akiwa amewatoa majini na kuwakausha. Siku ile alipofukuzwa alikwenda moja kwa moja kisimani, akawaambia wote. Ndiyo, alitangaza. Alimwaga siri yote, idadi ya mayai, mahali yalipo, na habari ya kokoto pia. Mji ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ulipomaliza kucheka, ukapanga zamu. Asubuhi Bi Bata, mchana Bi Kuku, jioni Bi Njiwa, usiku waliobaki mmoja mmoja. Fundi Nungunungu hakuweza kuatamia, mnajua kwa nini, kwa hiyo yeye alimaliza ule mto, akautandika chini ya mayai, na wakati wa jua kali akasimama na kuyawekea kivuli. Na hakurukwa mtu.

Bi Kanga akawakumbatia sita wake. Bi Bata akampeleka kwa Fundi, akawakuta wanne, wamelala juu ya ule mto ndani ya sanduku la vitambaa, na Fundi amekaa mbali nao kwa heshima, anawaimbia. Sita na wanne. Akahesabu tena. Akamtazama Bi Bata.

"Mayai yalikuwa kumi na mawili. Wawili wako wapi?"

Bi Bata akaanza kupanga manyoya yaliyokwisha kupangika. Akatazama miguu yake.

"Hakurukwa mtu," akasema mwishowe. "Mmoja yuko kwa Fisi."

"Na wa pili?"

"Wa pili yumo ndani ya Fisi."

Bi Kanga hakungoja. Alikwenda mbio mpaka nyumba ya mwisho ya mji, mabawa wazi, tayari kwa vita. Kanga mmoja kwa fisi mmoja.

Fisi alikuwa amelala mbele ya mlango wake, kidevu chini. Hakuinuka. Hakugeuza hata sikio. Katikati ya miguu yake ya mbele palikuwa na kifaranga, amelala fofofo, amejisukuma chini ya kidevu mpaka anaonekana mkia tu.

"Usipige kelele, Bi Kanga," Fisi akanong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

Bi Kanga akamsogelea. Akamdonoa puani, mara moja, kwa nguvu zake zote. Ko! Damu ikatoka. Machozi yakamlengalenga Fisi, lakini hakutikisika, maana angetikisika mtoto angeamka.

"Hilo ni la lile yai," akasema Bi Kanga.

"Nimestahili," akasema Fisi. "Nililila siku ya kwanza. Waliweka Kunguru anilinde, Kunguru akaanza kunisimulia habari za watu, na mimi nikisikiliza habari huwa natafuna. Walinikemea. Wakasema adhabu yangu ni zamu tatu zaidi kila wiki. Nililala kwa ubavu, nikayakumbatia na tumbo langu, na tumbo langu linanguruma, na mimi naliambia nyamaza. Kumi walitoka asubuhi, katika zamu ya Bi Bata. Huyu alichelewa, akatoka katika zamu yangu. Alitoa kichwa, akanitazama, akasema pii. Tangu jana sijala kitu. Nikienda kula ananifuata, na mimi mahali ninapokula si mahali pa mtoto."

Kifaranga akaamka. Akatazama juu, akamwona Bi Kanga, mama yake, mwenye madoadoa kama atakayokuwa nayo yeye. Akamtazama vizuri. Halafu akamtazama Fisi. Akasema pii, akarudi chini ya kidevu, akalala tena.

Bi Kanga akawatazama wote wawili. Kama angekuwa porini, angemkimbia Fisi huyu. Kama angekuwa jijini, asingemjua jina. Hapa anamjua jina, anajua aliyemlia yai, na anajua aliyemlelea mtoto, na wote wawili ni huyo huyo mmoja. Hakuna chungu cha kumtia. Hasira zilikuwepo, shukrani zilikuwepo, na hakuna iliyokubali kuipisha nyenzake.

Basi akakunja mabawa, akakaa chini kando ya Fisi, akangoja mwanawe aamke.

Na mpaka leo anakaa Kiasini. Watoto wake kumi na mmoja wamekua. Sita wanatembea kibatabata, wanne wanasema watakuja kesho, na wa mwisho akicheka watu hufunga milango. Kila asubuhi Bi Kanga hupita nyumba ya mwisho ya mji. Husimama, humsalimu Fisi, humuuliza ameamkaje. Na kabla Fisi hajaitikia, huwahesabu watoto wake.

Haya, funzo lenyewe ni hili, na nalisema waziwazi kwa sababu wapo waliosinzia. Hakuna mji usio na ila, na anayengoja kokoto zimchagulie ataishia kulea mawe. Mji wa katikati una majirani, na jirani huja mzima mzima, mdomo wake na uji wake pamoja. Mshukuru kwa alichokufaa, mdonoe kwa alichokukosea, kisha mkae.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo kwake, asiyeipenda aiache hapa mkekani, nitamsimulia mwingine.